Utando Wenye Maua

Jina la Bibi Ganda alibandikwa kwa kejeli, naye akalipokea kwa mikono miwili. Wengine wakipewa jina la utani hununa na kuzira. Yeye alilivaa kama nguo mpya akatoka nalo barabarani. Aliyetaka kumuudhi ilimbidi atafute lingine, na mpaka leo hajalipata.

Kabla ya hapo alikuwa mmenyaji tu, katika kiwanda cha unga wa muhogo kilicho mwisho wa mtaa, pale lami inapokatika. Ujana wake wote uliishia kwenye benchi refu la wanawake, kisu mkononi, muhogo mapajani, wakimenya na kupiga soga. Kisha ikaletwa mashine. Ilimenya kuliko benchi zima, haikuomba ruhusa ya kwenda kuzika, na haikujua kucheka. Wanawake wakaambiwa asanteni sana. Siku ya kuagwa kila mmoja alipewa mche wa sabuni, na Bibi Ganda akaurudisha wake juu ya meza ya meneja. "Nawia wewe," alimwambia. "Mimi mikono yangu misafi." Wapo wanaosema hakuyatamka hayo. Hao hawamjui.

Mashine ilimenya vizuri lakini haikujua pa kupeleka maganda. Yakamwagwa nyuma ya ukuta wa kiwanda, na nyuma ya ukuta wa kiwanda ndipo lilipo dirisha la chumba chake cha kulala. Mvua ikinyesha yanachacha, jua likiwaka yananuka, nzi wakafanya makao. Akaenda kulalamika mara ya kwanza, akaenda mara ya pili, akajibiwa kwamba takataka haina mwenyewe.

"Kama haina mwenyewe basi ni yangu," akasema, akarudi na gunia.

Hapo alikuwa hajui atayafanyia nini. Alibeba kwa hasira tu, na hapo ndipo alipobandikwa lile jina. Jibu lilikuja baadaye, siku mtaalamu mmoja wa kike kutoka chuo cha kilimo alipokuja kufundisha kikundi cha akina mama kwenye ukumbi wa zahanati. Aliwaeleza kwamba maganda yana wanga, na wanga ukipikwa na kumwagwa juu ya kitu bapa unakauka ukawa utando, na utando huo unaweza kufunga matunda yasiharibike mapema. Akina mama waliuliza kama kuna posho. Walipoambiwa hakuna, mmoja akakumbuka ameacha maharage jikoni, mwingine akakumbuka mtoto. Bibi Ganda akabaki peke yake, akauliza maswali mpaka mtaalamu wa watu akaachwa na basi, ikabidi alale kwake.

Utando wa kwanza ulipasuka vipande vipande kwa sababu aliuanika juani. Wa pili uliliwa na sisimizi. Wa tatu ulitoka vizuri kabisa, akautundika kwenye kamba autazame, akaja mbuzi wa jirani akautafuna wote na kubaki akilamba midomo.

"Angalau umepata mteja," mumewe akasema.

Mumewe ni fundi vioo. Karakana yake iko mbele ya nyumba, chumba chenye meza ndefu iliyotandikwa blanketi, na vioo vimeegemezwa ukutani kwa ukubwa wake. Mkewe alipomwomba vioo vya kumwagia uji alitoa shingo upande, tena vile vipande vya masalio. Kimoja kilikuwa kioo cha dirisha la bafu, kile cha maua ya kujitokeza, ambacho mteja alikikataa kwa kusema hataki kuoga bustanini.

Kioo hicho cha maua Bibi Ganda alimpa wifi yake.

Huyu wifi, dada wa fundi vioo, aliingia nyumba ile baada ya ndoa yake kuvunjika. Alikuja na begi moja na tabia ya kuomba radhi. Aliomba radhi akipita, akipishwa, akikohoa. Chakula alijipakulia kidogo kuliko mtoto. Bibi Ganda alimtazama hivyo muda mrefu, akachoka, ndipo siku moja akamwekea kile kioo mikononi. "Hiki ni chako," alimwambia. "Atakayekigusa aniombe mimi kwanza, na mimi nitamkatalia." Wifi akawa anamwaga uji wake juu ya maua, na utando ukikauka na kubanduliwa unatoka na maua yale yale, yakionekana ukiushika kwenye mwanga. Sokoni yaligombaniwa. Wauzaji wakaacha kuuliza utando, wakawa wanauliza maua. Wifi akaanza kupakua chakula cha kutosha.

Kazi yenyewe inataka subira. Ganda la nje lenye udongo hukwanguliwa likatupwa. Linalotakiwa ni la ndani, jeupe na nene. Muhogo una sumu yake, hilo kila mtu analijua, na sumu hiyo hupenda kukaa kwenye ganda. Dawa yake ni maji. Maganda hulowekwa siku kadhaa, na kila asubuhi maji ya jana yanamwagwa na kutiwa mapya. Hapo hakuna mjadala. Ndipo yanatwangwa, yanakamuliwa kwa kitambaa, na wanga unaachwa utuame chini ya ndoo. Unapikwa na maji, siki kidogo na glisirini ya duka la dawa, unakorogwa bila kupumzisha mkono mpaka uji uache weupe na kuanza kung'aa. Unamiminwa kwenye kioo, unasawazishwa kwa rula, unaachwa kivulini. Ukikauka unaubandua kuanzia pembeni, taratibu, na mkononi unabaki na kitu chembamba kinachokunjika na kupitisha mwanga.

Nyanya ukiifunga kwa nailoni inatoka jasho na kuota ukungu. Kwenye utando wa Bibi Ganda ilikuwa inakaa na kukaa, mpaka muuza nyanya mmoja, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya pili, anayejulikana kwa jina la Mama Tenga, akasema nyanya zake sasa zinamzoea. Vipande vya papai vilivyokatwa vilikaa bila kukauka uso. Na utando ukishamaliza kazi unatupwa shambani, au analetewa yule mbuzi.

Aliyechukia ni mwenyekiti wa soko. Kwani yeye ndiye aliyekuwa akiuza nailoni, marobota kwa marobota, kutoka kwenye stoo iliyo jirani na ofisi yake. Mwanzoni alicheka. Alipoona robota lake la nailoni linakaa wiki nzima halijafunguliwa, akaacha kucheka.

Ikatokea msukuma mkokoteni mmoja akalala hoi kwa tumbo. Mapera aliyokula yalikuwa yamefungwa kwa utando, ndiyo, lakini alikula ndoo nzima, tena mabichi, kwa kubishana na wenzake nani atashindwa kwanza. Hilo la ndoo mwenyekiti hakulisema. Alipita meza hadi meza akisema utando umetengenezwa kwa maganda ya muhogo, na maganda ya muhogo ni sumu, na lisemwalo lipo, kama halipo laja. Siku mbili hazikupita watu wakaanza kumpisha Bibi Ganda njiani.

Yeye si mtu wa kupishwa njiani. Alikwenda mpaka katikati ya soko, penye banda la mnada wa mboga, akapanda juu ya kreti.

"Nasikia nawalisha sumu!" alipaza sauti. "Basi iteni mkutano. Mwenyekiti mwenyewe alete utando wowote uliotoka mikononi mwangu, auchague yeye. Nitaula mbele yenu, wote, mpaka pembe zake. Nisipoula, nifukuzeni soko hili na nisirudi tena!"

Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti akasema, vyema, kesho asubuhi. Usiku ule Bibi Ganda alilala usingizi wa mtoto, kwa maana hakuwa na wasiwasi hata chembe.

Asubuhi alikuwa ameshavaa viatu wifi alipomshika mkono mlangoni.

"Wifi, usiende."

"Nisiende kwa nini? Nitazame, nimejipaka hadi mafuta."

"Yale maganda." Wifi alikuwa akitazama sakafu. "Uliposafiri kwenda kumtazama mwanao alipojifungua. Maji ya bomba yalikatika."

"Najua yalikatika. Ulinipigia simu."

"Sikuyabadilisha maji ya maganda. Niliyamwaga mara moja tu, siku ya mwisho."

Bibi Ganda akaketi kwenye kigoda, viatu vyake miguuni.

"Zile ndoo za kununua zilikuwa za kupikia, na za kaka kuoga," wifi akaendelea, machozi yakimlengalenga. "Niliona nitaonekana namaliza maji ya watu, kwenye nyumba ya watu. Ukarudi ukaona maua yamekauka vizuri, ukanisifu. Nikashindwa kusema. Na maua yote yaliyo sokoni sasa ni ya maganda hayo."

Alikasirika, tusidanganyane. Alikasirika hata akasimama akapiga teke ndoo tupu, ikabingirika mpaka karakana. Alifoka kuhusu maji, alifoka kuhusu bomba, alimfokea na mumewe aliyekuja kuona kumetokea nini na hakuwa na kosa lolote. Lakini lililomchoma zaidi halikuwa la maji.

"Nyumba ya watu!" alisema mwishoni, sauti imemshuka. "Mimi nakupa kioo, nakuita wifi mbele ya dunia, kumbe wewe bado uko kwenye nyumba ya watu."

Fundi vioo akakuna kichwa. Ni mwanamume asiyependa vita. "Mambo haya yana njia," alisema. "Beba utando usio na maua, ule uliotengeneza mwenyewe. Kula huo, watu wapige makofi, urudi nyumbani. Za maua tutazitoa sokoni kimyakimya."

"Nilisema atachagua yeye."

"Meza zote zile, atachagua wa maua kwa bahati gani?"

"Wewe hujaona bahati ya mtu mwenye hila," mkewe akamjibu, akatoka. Mkobani alitia utando wake mmoja usio na maua. Wifi akamfuata nyuma, mbali kidogo, kitambaa mdomoni.

Banda la mnada lilikuwa limejaa mpaka watu wakasimama juu ya viroba. Mwenyekiti alikuwa amevaa koti. Alisema mawili matatu kuhusu afya ya walaji, akasema hana kinyongo na mtu, kisha akatia mkono kwenye bahasha ya kaki, akatoa utando, akaunyanyua juu watu wote wauone. Mwanga wa asubuhi uliingia kwa ubavu wa banda ukaupita, na kila aliyekuwa pale akayaona maua.

"Nimeuchukua mezani kwa Mama Tenga mwenyewe," alisema. "Ni wako au si wako?"

"Ni wangu."

"Basi kula."

Akaupokea. Ulikuwa mwepesi, hauna harufu. Moyoni mwake maneno ya mumewe yalianza kuongea na yakawa na busara nyingi. Kipande kimoja hakiui. Watu wamewahi kula muhogo mchungu wakaamka salama. Ale, amalize, soko liwe lake, na maua yaondolewe kimyakimya. Hakuna atakayejua, ila wifi, na wifi hata kukohoa anaomba ruhusa.

Ndipo akamwona Mama Tenga. Alikuwa amesimama mbele, na kwa kuwa mwanamke yule haachi biashara hata kwenye msiba, alikuwa amebeba sinia lake. Juu yake kulikuwa na papai lililokatwa vipande, kila kipande kimefungwa kwa maua. Binti mmoja aliyevaa sare ya shule alikuwa ananunua.

"Sili," Bibi Ganda akasema.

Banda likalipuka. Ilibidi apige kelele kuzishinda kelele.

"Huu sili, na nyinyi msiule! Maganda yake hayakulowekwa inavyotakiwa. Kama una sumu au hauna, sijui. Na nisichokijua hakiingii mdomoni mwa mtoto wa mtu. Mama Tenga, shusha sinia hilo! Wewe binti, mrudishie papai lake, mama atakupa nyanya. Mwenye utando wa maua mezani kwake aulete hapa, wote, sasa hivi!"

"Mmesikia?" Mwenyekiti alikuwa anang'aa kwa furaha. "Mmesikia wenyewe? Amekiri! Haya, tuambie, ni nani aliyetengeneza uchafu huu?"

"Sufuria yangu, kioo cha mume wangu, na aliyewauzia ni mimi. Unamtafuta nani mwingine?"

"Nauliza mkono ulioutengeneza."

"Na mimi nimeshakujibu."

Hapo nyuma, penye nguzo, mtu akasema, "Ni mkono wangu." Watu wakageuka. Wengi walikuwa hawajawahi kusikia sauti ya wifi, na wengine walidhani ni bubu. Alikuja mbele akisukumana na watu bila kumwomba radhi hata mmoja. "Mimi ndiye niliyefanya uvivu wa maji. Wifi yangu hakuwepo, na amejua leo asubuhi. Angetaka angekaa kimya. Mwenyekiti, wewe ungesema?"

Mwenyekiti akajifanya anatafuta kitu kwenye bahasha.

Bibi Ganda alifungua mkoba akatoa ule utando mwingine, usio na ua hata moja. "Maganda ya huu niliyaloweka mimi, na maji nimebadilisha mimi, kila asubuhi." Akaukunja, akautia mdomoni, akatafuna. Si kitu kitamu. Unanata menoni na unataka mate mengi. Alitafuna taratibu, soko zima likimtazama taya, akameza, akafungua kinywa waone. Kisha akanyoosha kidole kwenye robota la nailoni mlangoni mwa stoo.

"Nimekula yangu. Sasa na wewe, Mwenyekiti, kula yako."

Kicheko kilichofuata kilisikika mpaka kituo cha basi. Mwenyekiti alisubiri kiishe, na kilichelewa, kisha akasema kiapo ni kiapo. Si alisema asipoula afukuzwe?

Watu wakaanza kuguna kumtetea. Akawanyamazisha yeye mwenyewe.

"Amesema kweli. Niliapa, na wa maua sikuula. Natoka. Lakini usinishike mkono, mlango naujua." Akakusanya tando zote za maua zilizokuwa zimerundikwa miguuni pake, akazikumbatia, akampa wifi nusu yake abebe. Walipita katikati ya soko hivyo, vichwa juu, wakaenda kuzichoma nyuma ya nyumba.

Nusu ya utando mmoja wa maua aliobakiza, na kipande cha mwingine usio na maua, alimpelekea mtaalamu wa chuo avipime. Majibu yalipokuja, mtaalamu alimwambia kwa simu kwamba uliolowekwa sawasawa hauna neno. Wa maua haukuwa wa kuua mtu. Ila yeye, akasema, asingempa mwanawe. Bibi Ganda akashukuru, akakata simu.

Wanaodhani alikaa nyumbani kulia hawajaisoma hadithi hii tangu mwanzo. Kesho yake tu baada ya mkutano ule alikuwa ameweka meza nje ya lango la soko, ng'ambo ya barabara. Mwenyekiti alimtuma mlinzi amwondoe. "Mwambie soko ni lake," Bibi Ganda akamjibu, "lakini barabara haina mwenyekiti." Mlinzi akaenda kulifikisha, akarudi kuomba maji ya kunywa, akapewa.

Mwanzo wateja hawakuja. Alikuwa na desturi mpya: kila asubuhi, kabla hajauza, anakata kipande cha utando wa siku hiyo, anakitafuna amesimama, kila anayepita amwone. Watoto wakawa wanapita makusudi kumtazama. Wa kwanza kuvuka barabara alikuwa Mama Tenga, sinia kichwani.

"Kule ndani wamejaa wa kuniambia chao ni kizuri," alisema kwa ile sauti yake, ikasikika hadi stoo ya nailoni. "Wa kuniambia chake ni kibaya nimemwona mmoja tu. Nifungie nyanya zote hizi."

Baada yake wakavuka wengine.

Wifi hakugusa kioo chake kwa muda mrefu. Kilikaa kimeegemea ukuta wa karakana, na mara mbili fundi vioo alitaka kukikatia mteja, na mara mbili mkewe akamkatalia. Kisha maji ya bomba yakakatika tena, kama kawaida yake. Asubuhi Bibi Ganda alimkuta wifi uani, kandambili zimelowa, anamwaga maji ya maganda chini na kutia mapya kutoka ndoo ya kununua, ndoo nzima, mpaka ikabaki tupu.

"Kaka yako ataoga nini?" akamuuliza.

"Atajua mwenyewe," wifi akasema. "Hii ni nyumba yetu."

Siku maua yaliporudi mezani, Bibi Ganda alichukua kisu akate kipande cha kula kama kawaida. Wifi akamshika mkono. Akaunyanyua utando mwenyewe, mwanga ukapita, watu waliokuwa wanangoja wakayatambua maua. Ng'ambo ya barabara Mwenyekiti alikuwa amesimama langoni, mikono mfukoni. Wifi akamtazama machoni, akarusha utando mzima kinywani, akatafuna mpaka ukaisha.